Ua la Kwamashi na Jirani Yake Mwenye Sumu



Nimeombwa niseme juu ya maua ya mwituni, nami nimechagua ua moja tu, tena la mbali, la Marekani. Huenda mtu akauliza: Je, sisi hatuna maua yetu mabondeni na misituni, hata tusafiri mpaka huko? Tunayo tele. Lakini ua hili lina jirani. Humea pamoja naye katika udongo ule ule, huchipuka katika majira yale yale, na mtu akichimba, vitunguu vyao vilivyo chini ya ardhi hufanana kama mapacha. Kimoja ni chakula kilicholisha watu kwa maelfu ya miaka. Cha pili ni sumu iuayo. Watu wa kule walijifunza kuvitenganisha, na jinsi walivyofanya ndiyo habari yangu ya leo.

Kwanza jina. Wazungu wa kule huliita ua hili "camas", na kama ningefuata desturi yetu ya kutia irabu mwishoni, tungepata neno la kitu ambacho mama humfuta mtoto puani, nalo halipendezi kutajwa karibu na chakula. Kwa hiyo nitaliita kwamashi, kwa kufuata jina lake la kitaalamu, Camassia quamash. Asili ya neno ni lugha za wenyeji wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Likaenea katika lugha moja ya biashara iliyotumika pwani ya huko, kama vile Kiswahili kilivyoingia bara pamoja na misafara.

Kwamashi si ya aina moja. Ile iitwayo quamash hupatikana magharibi, katika nchi za Idaho, Montana, Oregon na Washington, na kuvuka mpaka hata Kanada. Nduguye, Camassia scilloides, hukaa katikati na mashariki, toka Ontario hata Texas, katika misitu yenye unyevu, kandokando ya mito, na katika zile mbuga pana za majani ambazo Wamarekani huziita prairie. Ndugu hawa wanapenda mahali pa namna moja: ardhi inayolowa maji wakati theluji inapoyeyuka au mvua za mwanzo wa mwaka zinaponyesha. Zile za magharibi hasa hustawi katika mabonde ambayo baadaye hukauka kabisa jua la kiangazi likiwaka. Mwenye kutafuta kwamashi hatazami ua kwanza, hutazama nchi ilivyolala.

Majira ya kuchanua yakiwa mazuri, mbuga nzima hugeuka rangi ya buluu. Meriwether Lewis, ambaye pamoja na William Clark aliongoza msafara wa serikali ya Marekani toka mwaka 1804 hata 1806, aliiona mbuga ya kwamashi mwezi wa Juni 1806, akaandika katika daftari yake ya kwamba kwa mbali alidhani ni maziwa ya maji safi. Mtu huyu alikuwa amezoea kutazama nchi na kuipima, naye macho yake yalidanganyika.

Sasa tulikaribie ua lenyewe, tulitazame tokea chini kwenda juu.

Chini kabisa kuna kitunguu. Mara nyingi si kikubwa kuliko kitunguu kidogo cha sokoni, kimevikwa ganda la rangi ya kahawia iliyokoza, na ndani ni cheupe. Hakinuki. Juu yake hutoka majani marefu membamba, yanayofanana na majani ya kawaida ya mbugani, yote yakianzia chini penye shina. Katikati husimama ufito mmoja ulio mtupu, usio na matawi, urefu wake futi moja au mbili, na nusu yake ya juu hubeba maua mengi. Maua hayo hayafunguki kwa pamoja. Yale ya chini hutangulia, na kila siku machache ya juu yake hufuata, hata siku moja unakuta chini yamekwisha kunyauka na ncha bado ina vitumba vilivyofumba.

Kila ua lina petali sita zilizotandazwa kama nyota. Katika kwamashi ya magharibi rangi yake ni buluu inayoelekea zambarau, na upana waweza kufika inchi moja na nusu au zaidi; tena mara nyingi petali tano huelekea juu na moja hushuka chini peke yake, kana kwamba imegombana na wenziwe. Ile ya mashariki ni ndogo zaidi, yapata inchi moja, na rangi yake imefifia. Ua likiisha, hubaki kifuko chenye vyumba vitatu, na ndani yake mna mbegu nyeusi zinazong'aa.

Basi, jirani. Katika nchi za magharibi wameliita jina lisilo na fumbo: kwamashi ya mauti. Wataalamu wa mimea huliita Toxicoscordion venenosum. Nalo lina kitunguu chenye ganda jeusi-jeusi, kisichonuka. Nalo lina majani membamba marefu. Nalo husimamisha ufito mmoja wenye maua yanayofunguka toka chini kwenda juu. Kila sehemu yake ina sumu: kitunguu, jani, ua na mbegu. Sumu iliyo kubwa huitwa zigasini. Aliyeila hutokwa na mate, hutapika, mwili hulegea, mapigo ya moyo hupungua na nguvu ya damu hushuka. Hakuna dawa maalumu ya kuipinga. Daktari huutegemeza moyo na damu hata mwili uishinde. Wachungaji wa kondoo wanaijua sana, maana huchipuka mapema kuliko nyasi nyingi, na kondoo wenye njaa ya majani mabichi huiparamia. Hata nyuki wa asali wanadhurika kwa utamu wa maua yake, ijapokuwa yupo nyuki mmoja wa mwituni wa huko, Andrena astragali, anayejilisha kwa ua hilo pasipo kudhurika.

Mtu wa haraka atasema: "Jambo ni rahisi. La buluu tule, jeupe tuache." Kweli maua ya kwamashi ya mauti ni meupe yenye kuelekea rangi ya maziwa. Lakini rangi ni shahidi asiyetosha. Katika Oregon kuna kwamashi njema ya jamii nyingine, Camassia leichtlinii, ambayo mahali pengine huchanua nyeupe kabisa. Na yule ndugu wa mashariki mara nyingine hupauka hata akawa karibu na mweupe. Mwenye kutegemea rangi atatupa chakula siku moja; na siku ambayo maua yamekwisha kukauka na yote ni ya kahawia, hatakuwa na kitu cha kumwongoza.

Zipo alama zilizo imara zaidi. Ya kwanza ni ukubwa. Ua la kwamashi ya mauti ni dogo, halifiki nusu ya inchi au hufika kwa shida, nayo yamesongamana karibu karibu kwenye ncha. Ya pili, tazama mahali kila petali inapoanzia: katika lile la sumu utaona doa la kijani lenye umanjano, na hapo ndipo utamu wa ua unapotoka. Katika kwamashi njema doa hilo halipo. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana haitegemei rangi wala kipimo. Katikati ya ua, juu ya kile kifuko cha mbegu, kwamashi njema ina kijiti kimoja chembamba, ambacho kwenye ncha tu ndipo hugawanyika kidogo pande tatu. Lile la mauti lina vijiti vitatu vilivyo mbalimbali. Mtoto wa skuli mwenye macho mazuri aweza kuvihesabu. Kimoja, au vitatu.

Huko mashariki adui ni mwingine. Katika misitu yenye unyevu umeingia mmea uliotoka Ulaya, Ornithogalum umbellatum, ambao watu waliupanda bustanini kwa uzuri wake nao ukatoroka. Una sumu pia. Majani yake yana mstari mweupe katikati, na petali zake nyeupe zina mstari wa kijani upande wa nyuma. Ukigeuza ua na kuona mstari huo, liache mahali lilipo.

Na pua je? Wengi waliodhurika katika nchi ile hawakuwa wakitafuta kwamashi hata kidogo, walikuwa wakitafuta vitunguu vya mwituni, na mpaka miaka yetu hii waganga wa Marekani wameandika habari za wagonjwa wa namna hiyo. Jani la kitunguu cha kweli ukilivunja hunuka kitunguu. Asiyenuka, si kitunguu. Kanuni hiyo ni njema, ila ina mtego: mkono uliokwisha kuvuna vitunguu kumi unanuka wenyewe, na cha kumi na moja, hata kikiwa cha mauti, kitanukia puani kama wenziwe. Tena pua haiwezi kutenganisha kwamashi njema na ile mbaya, maana zote mbili hazina harufu.

Sasa fikirini taabu iliyowakabili wenyeji. Watu wa Nez Perce, ambao wenyewe hujiita Nimiipuu, pamoja na majirani zao, walichimba sehemu kubwa ya kwamashi yao baada ya maua kupita, wakati kitunguu kimekwisha kunenepa. Lakini wakati huo ndio ambao alama zote nilizozitaja zimetoweka! Hakuna petali za kupima wala vijiti vya kuhesabu. Kuna ufito mkavu tu na kifuko cha mbegu, na chini yake vitunguu viwili vinavyofanana. Wafanyeje?

Walifanya kazi ya kutambua miezi kadhaa kabla ya kazi ya kula. Kuchimba kulikuwa kazi ya wanawake, nao walizijua mbuga zao kama mkulima ajuavyo shamba lake. Wakati wa maua ndio waliotumia kuitafuta ile ya mauti na kuing'oa. Majira ya kuchimba yakifika, walirudi mahali palipokwisha kusafishwa. Walitumia mti uliochongwa ncha, wenye mpini wa kukingama juu yake, mara nyingi wa pembe ya mnyama. Wakainua bonge la udongo wenye majani, wakatoa vitunguu vikubwa, vidogo wakaviacha humo humo, kisha wakalirudisha bonge mahali pake. Sehemu nyingine walichoma mbuga moto kwa wakati maalumu ili vichaka na miti visiimeze. Wazungu waliofika baadaye waliona pori. Kwa maoni yangu lilikuwa shamba, ila halikuwa na ua wa miti kulizunguka.

Upishi nao una elimu yake. Kwamashi mbichi haina sumu, lakini tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga, kwa kuwa wanga wake ni wa namna iitwayo inulini. Hupita tumboni bila kuyeyuka, na katika matumbo huchachuka na kuleta upepo na maumivu. Dawa yake ni moto wa polepole. Wanawake walichimba shimo, wakalitandika mawe, wakawasha moto mkubwa hata mawe yakaiva. Kisha wakaweka majani mabichi, juu yake vitunguu, majani tena, wakafukia kwa udongo, na wakati mwingine wakawasha moto mwingine juu. Shimo halikufunguliwa kwa siku nzima, au mbili, au tatu. Kwa joto lile na mvuke ule inulini huvunjika ikawa sukari, na kitunguu cheupe kisicho na ladha hutoka cheusi, laini na kitamu. Kilichobaki kilipondwa, kikafanywa mikate, kikaanikwa na kuwekwa akiba ya majira ya baridi. Katika nchi hizo yamefukuliwa mashimo ya kuokea yaliyotumika zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Sisi tunaojua kumenya, kuloweka na kuanika muhogo mchungu hatuna haja ya kuelezwa kwamba akili ya namna hii haipatikani kwa siku moja.

Msafara wa Lewis na Clark uliokolewa na chakula hicho, nao ukakiona cha moto. Mwezi wa Septemba 1805 walivuka milima ya Bitterroot wakiwa na njaa kali, hata wakachinja wana wa farasi wao. Tarehe 20 Clark na wawindaji sita waliotangulia walishuka katika mbuga ya Weippe, na Wanimiipuu wakawapa nyama, samaki mkavu na kwamashi iliyookwa. Walikula kwa pupa. Clark akaugua jioni ile ile, na wenzake waliofuata nyuma wakaugua pia, baadhi yao kwa siku nyingi. Hawakula la mauti. Wenyeji wao hawakuwapa sumu. Ni matumbo matupu yasiyozoea chakula kile, na huenda samaki naye alichangia.

Kuna utambuzi wa namna nyingine ambao mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri maneno, siwezi kuupita. Nao ni utambuzi wa jina katika karatasi.

Kusini mwa Idaho kuna mbuga iitwayo Camas Prairie, yaani Mbuga ya Kwamashi. Watu wa makabila ya Bannock na Shoshone walikuwa wakienda huko kila mwaka kuchimba. Tarehe 3 Julai 1868, huko Fort Bridger, walifanya mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba ulisema ya kwamba Wabannock wakitaka nchi ya kukaa, watatengewa sehemu za kutosha katika nchi ya Portneuf na katika nchi ya — na hapa karani aliandika "Kansas Prairie". Mabwana, Kansas ni nchi nyingine kabisa, iliyo mbali zaidi ya maili 600 toka mahali pale. Hapana Mbannock aliyekuwa akichimba kwamashi Kansas. Masikio yaliyosikia "Camas" bila kulijua ua hilo yaliandika neno yaliyolizoea.

Mbuga ya Kwamashi haikutengwa. Wafugaji wa kizungu wakapeleka humo ng'ombe, farasi na nguruwe. Ng'ombe hula majani na kukanyaga, lakini nguruwe ana pua ya kuchimbia, naye hahitaji kufundishwa kitunguu kitamu kiko wapi. Wakati huo huo posho iliyogawiwa katika eneo la Fort Hall, walikowekwa Wabannock, haikutosha, na watu walikuwa na njaa. Mwisho wa Mei 1878 wafugaji wawili walipigwa risasi wakajeruhiwa katika mbuga ile, na vita vikawaka. Buffalo Horn, mkuu aliyewaongoza Wabannock, aliuawa mwezi wa Juni, na kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimekwisha na mbuga imepotea. Sitasema kwamba neno moja ndilo lililoleta vita, maana njaa ingekuwapo hata kama karani angeandika sawasawa. Lakini mwenye njaa aliyenyimwa shamba lake, kisha akaambiwa kwamba karatasi haikulitaja, ana haki ya kumwuliza karani.

Upande wa mashariki kwamashi haikuondolewa kwa vita bali kwa plau. Mwaka 1837 mhunzi John Deere, huko Illinois, alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyoweza kupasua udongo mzito wa mbuga bila kunasa, na katika maisha ya watu wachache nchi yote ikawa mahindi na ngano. Katika Illinois mbuga za asili zilizobaki hazifiki sehemu moja katika elfu ya zile za zamani. Vipande hivyo vimesalia mahali ambapo plau haikupita: kandokando ya reli, na katika makaburi ya walowezi wa kwanza. Watu wanaozirudisha mbuga siku hizi hukusanya mbegu na kupanda, kisha hungoja, kwa sababu toka mbegu hata ua la kwanza hupita miaka mitatu, minne au zaidi. Mtu anayeng'oa kitunguu kimoja kwa dakika moja amechukua kazi ya miaka hiyo yote. Na haina haja, maana vitunguu vya kwamashi vya kupanda bustanini huuzwa madukani, vingi vikiwa vimelimwa Uholanzi.

Siku hizi kuna simu ambazo ukipiga picha ya ua hukutajia jina lake. Ni msaada, nami sizidharau. Lakini simu hutambua kile inachokiona. Ipe picha ya ua la buluu lililofunguka vizuri, itakujibu. Ipe kitunguu cheupe kilichomenywa katika kiganja cha mkono, nayo itabahatisha tu, na atakayekila ni wewe.

Mbuga ya Weippe sasa ni mojawapo ya mahali panapohifadhiwa na serikali ya Marekani kwa kumbukumbu ya Wanimiipuu, na familia zao zingali zikichimba kwamashi katika nchi yao. Huchagua vitunguu vikubwa, na vile vidogo hurudi chini pamoja na bonge la udongo, upande wa majani ukiwa juu.